Mzigo wa Kiti cha Nyuma

3 Machi

Mdogo wangu Spana,

Natumaini lori la mahitaji halikukwama njiani na barua hii imekukuta mzima huko kambini. Sisi tupo. Paa la jikoni lilikuwa linavuja, nimeliziba. Binti yangu ameanza chuo na anakaa bweni. Akija nyumbani ni kuchukua nguo tu. Wifi yako bado yuko kwao, na safari hii alibeba hata mapazia, kwa hiyo sidhani kama ni matembezi. Mama yupo. Anakula vizuri kuliko mimi. Kusahau kwake kumezidi: asubuhi mimi ni baba yake, jioni mimi ni mwizi niliyeingia ndani.

Uliandika kwamba ungepata likizo mwezi wa pili. Mwezi wa pili umepita. Sisemi kitu, nakukumbusha tu.

Sasa shida yangu. Lile gari la Mzee limeanza ukaidi. Rimoti haifungui mpaka niisogeze kwenye mlango kabisa, kama mtu anayenong'ona. Vile vitufe vya namba vilivyo kwenye mlango wa dereva, ambavyo marehemu alivionea fahari kuliko cheti chake cha ndoa, nikivibonyeza vinawaka, halafu vinapepesa na kukataa. Mafundi wa mtaani wote wana jibu moja: "Tung'oe, tukufungie komeo." Komeo, kwenye gari la Mzee.

Kuna na jingine. Naegesha uani kwa ghala, nafunga milango, naingia ofisini. Nikitoka mchana nakuta mlango wa mbele uko wazi. Siku hizi kuna mzigo nauacha humo nikiwa kazini na sitaki upotee.

Wewe ndiye uliyekuwa chini ya gari hilo na Mzee wakati mimi nafanya hesabu za shule. Nielekeze.

Kaka yako


29 Machi

Kaka, shikamoo.

Barua imefika na doa la dizeli kwenye kona, lakini inasomeka. Mimi mzima. Huku ni vumbi na malori, malori na vumbi. Mpishi wetu ameacha kazi, tunapikiwa na dereva wa greda, na chakula chake kina ladha ya greda. Mwambie binti asome asije akaishia chini ya magari kama shangazi yake. Wifi mwache apumzike na mapazia.

Nimecheka peke yangu karakana nzima ikageuka kuniangalia. Miaka yote uliniita mchezea nyaya, leo mkuu wa ghala ananiomba ushauri. Nimewasomea wenzangu ile sehemu ya komeo. Wamesema hao mafundi wa mtaani kwenu wafungiwe wao.

Haya, fuata taratibu. Rimoti kwanza. Pembeni kuna ufa mwembamba. Ingiza ncha ya bisibisi ndogo, izungushe, itabanduka kama ganda la karanga. Ndani kuna betri bapa kama sarafu. Angalia imelala upande gani kabla hujaitoa. Nunua mpya ya namba ileile, usiishike kwa vidole vya jasho, na vile vibati vinavyoigusa vifute kwa kitambaa kikavu. Ukishabadilisha ikawa bado inanong'ona, niandikie, itabidi gari lifundishwe upya kuitambua.

Vitufe vya mlangoni havijafa. Kitu kilichokufa hakiwaki. Vinapepesa kwa sababu umekosea namba mara nyingi mfululizo, na vimejifunga vikidhani wewe ni kibaka. Viache. Usiguse chochote mpaka taa izimike, kisha bonyeza moja moja bila haraka. Vifute pia kwa kitambaa chenye maji kidogo. Uchafu hufanya kitufe kibaki ndani. Na kama namba umeisahau, ile ya kiwandani imeandikwa kwenye kibandiko cha kiboksi kidogo chini ya dashibodi, juu ya miguu ya dereva. Ulale chali na tochi. Ningelipa hela nikione kitambi chako hapo.

Huo mlango unaofunguka sijauelewa. Mwizi hafungui mlango akauacha mzigo. Nieleze vizuri.

Likizo mkuu wa karakana ameigomea, greda mbili zimeharibika. Labda mwezi wa sita. Mbusu Mama, mwambie Spana anakuja.

Mdogo wako


20 Aprili

Mdogo wangu,

Tumeipata barua na salamu zake. Mama nimemwambia Spana anakuja. Akauliza, "Spana ni nani?" Nikamwambia ni mwanao wa kike. Akasema yeye hana mtoto wa kike. Usijali, kesho yake alisema hana mtoto wa kiume.

Nikupe sifa zako. Rimoti sasa inafungua hata nikiwa getini. Nililala chali, nikaipata namba, nikaweka ya kwangu. Vitufe vinatii. Mafundi wa mtaani walikuja kutazama, wakaondoka na komeo lao.

Habari za nyumbani si nzuri sana. Mwezi wa kwanza Mama alitoka nikiwa kazini, akafika hadi kwenye mzunguko wa barabara kuu akiwa na shimizi tu. Mama mshonaji, jirani yetu, ndiye aliyemrudisha. Nilimwomba awe anakaa naye mchana pale kibandani kwake. Alikubali, hata alifurahi. Alisema Mama anajua kukunja vitambaa vizuri. Wiki ya pili Mama alikata gauni la mteja katikati. Jioni nikamkuta mshonaji mlangoni kwangu.

"Kaka, mimi nampenda," aliniambia. "Lakini gauni lilikuwa la bi harusi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tafuta mtu. Au mwite dada yako."

Nilitafuta msichana wa kazi, akakaa siku chache, Mama akamng'ata. Kumfungia ndani nilijaribu, akapiga mlango mpaka mwenye nyumba wa jirani akaja na maneno. Sasa hivi nimepata utaratibu, ana mahali pa kukaa mchana, karibu na mimi. Usiwe na wasiwasi.

Turudi kwenye gari. Wewe ulisema nieleze vizuri. Milango ya nyuma nimeiwekea lile kufuli la watoto, haifunguki kwa ndani, sawa. Lakini mbele, hata nikifunga kwa rimoti, mtu akivuta kishikio kwa ndani mlango unafunguka. Nataka usifunguke. Nataka nikishafunga mimi, nifungue mimi tu. Mzee aliwahi kusema gari hilo lina namna hiyo. Wewe utakuwa unajua.

Kaka yako


18 Mei

Kaka, shikamoo.

Salama. Mvua imekata barabara, ndiyo maana nimechelewa. Mpishi mpya amekuja. Nimeumia kidole gumba, si kitu.

Mzigo gani unavuta kishikio kwa ndani?

Nimeisoma barua yako, nikatoka nje nikakagua tairi za lori ambalo halikuwa na tatizo lolote la tairi, nikarudi nikaisoma tena. Sitakuuliza swali hilo mara ya pili. Na wewe usinijibu. Ukinijibu itabidi nije, na kuja siwezi. Unajua siwezi, kazi hii ukiondoka wakati wa mvua wanampa mwingine.

Nakuandikia kama ninavyomwelekeza mteja yeyote. Gari hilo lina kufuli la pili. Ukifunga kwa rimoti mara moja, vishikio vya ndani vinafanya kazi. Ukibonyeza tena papo hapo, kabla hujahesabu mpaka tatu, utasikia mlio mwingine mzito zaidi, taa zitawaka mara mbili, na baada ya hapo hakuna kishikio cha ndani kitakachofungua mlango wowote. Ni mpaka rimoti, au namba kwa nje. Liliwekwa kwa ajili ya wezi wanaovunja kioo kidogo na kuingiza mkono.

Kitabu cha gari kinasema kisitumike kama kuna mtu ndani. Nakuandikia hilo kwa sababu limo kitabuni.

Vioo viache wazi kidogo. Egesha kivulini. Weka maji mahali pa kufikika.

Mbusu Mama.

Spana


12 Juni

Mdogo wangu,

Pole na kidole. Binti yangu amefaulu mtihani wa kwanza. Wifi yako ameomba talaka kupitia kwa mjomba wake, nimemwambia mjomba anywe chai kwanza. Paa limeanza kuvuja tena upande wa pili.

Tumeelewana, mimi na wewe. Sikutegemea, lakini tumeelewana. Kufuli la pili linafanya kazi.

Kwa kuwa sasa hatufichani, nikuambie anavyokaa. Nimemtandikia blanketi kiti cha nyuma, ana mto, ana chupa ya maji na biskuti. Natoka kumwona saa ya chai na saa ya chakula, nampeleka haja. Wiki ya kwanza alilia. Sasa anatazama watu wakipakia magunia na anawahesabu vibaya. Mlinzi wa getini alimwuliza siku moja kupitia kioo, "Bibi, unafanya nini humo?" Akamjibu, "Namsubiri mume wangu, kaingia dukani." Mlinzi alinisimulia huku anacheka. Nikacheka naye. Ulitaka nifanye nini?

Vioo nimelazimika kuvifunga. Alikuwa anatoa mkono na kuwashika wapagazi nguo, anawaomba wamfungulie. Wapagazi wanaongea.

Sasa tatizo ni moja. Nikitumia kufuli la pili, gari linawasha na king'ora. Kitu kikitikisika ndani, kinalia. Anapojigeuza tu, kinalia. Anapochukua maji, kinalia. Naye kikilia anaogopa, anajirusha huku na huku, basi ndiyo hakinyamazi kabisa. Bosi ameniita mara mbili. Mara ya tatu ataniita kunipa barua yangu ya kuacha kazi, na mimi, Mama na binti tutaishi kwa kula nini? Nielekeze namna ya kukinyamazisha.

Nimekaribia kusahau. Binamu alikuona mjini mwezi wa nne. Anasema ulikuwa duka la fanicha na mwanamume mrefu, mnachagua viti, mmependeza. Mji huo na hapa nyumbani ni safari ya nusu siku kwa basi. Nilimwambia binamu amefananisha. Mama sikumwambia, hata ningemwambia asingejua nazungumzia nani. Hapo una bahati.

Kaka yako


7 Julai

Kaka,

Hongera kwa binti. Mjomba wa wifi asinywe chai yako, utamharibia tumbo.

Binamu macho yake yalikuwa mabovu tangu shule. Alikaa dawati la mbele na bado akaiga majibu ya swali jingine. Mwezi wa nne nilikuwa hapa chini ya greda. Waulize watu wa hapa. Na hata kama ningekuwa nachagua viti, mimi sina haki ya kukalia kiti? Wewe ulipewa nyumba, ukapewa gari, ukapewa jina la Mzee la kutembea nalo mtaani. Mimi nilipewa mafuta chini ya kucha. Mama alisimama pale barazani siku naondoka akaniambia, "Nenda, mtoto wa kike hatanitunza uzeeni, nina mwanangu wa kiume." Alisema mbele yako. Ulikuwa unakula chungwa. Basi huyo mwanawe wa kiume si ndiye wewe?

King'ora kinalia kwa sababu ya sensa, vile vihisi vya mtikisiko. Ziko darini, karibu na taa ya ndani, matundu mawili madogo. Pembeni yake kuna kitufe chenye picha ya gari na mstari. Ukishazima injini, kibonyeze kabla ya kutoka; kitaa chake kitawaka rangi ya chungwa. Kisha funga kama kawaida. Siku hiyo gari halitasikia mtu akitikisika ndani. Kesho yake inabidi ubonyeze tena, maana linajirudisha lenyewe.

Ni hayo tu uliyouliza, na hayo ndiyo niliyojibu.

Spana


2 Agosti

Kaka, shikamoo.

Sijapata majibu yako. Lori limekuja mara mbili bila kitu chako.

Jana tulikuwa tunafanya kazi kwenye pikapu ya mkuu wa kambi. Nilikaa kiti cha nyuma kujaribu sensa, nikamwambia mwenzangu afunge kwa nje, mara mbili. Akafunga, akaitwa, akaondoka. Hakukawia, alikwenda kuchukua waya tu. Nilijua kila nati ya gari lile. Nilijua anarudi. Bado nilivuta kishikio, nikahamia mbele nikavuta kingine, nikapiga kioo kwa viganja mpaka aliporudi ananicheka. Shati lilikuwa limelowa, na nilikuwa nimekaa kivulini.

Usibonyeze kile kitufe cha darini. Acha kilie, bosi akasirike. Kufuli la pili usilitumie kabisa. Shusha vioo, wapagazi waongee wanavyotaka.

Naomba umrudishe kwa mama mshonaji, nitazungumza naye mimi kuhusu gauni. Nikipata nafasi nitakuja mwezi ujao nimchukue, nikae naye hata kidogo. Mwezi wa nne nilikuwa mjini, ni kweli. Tulikuwa tunaanza maisha, mimi na yule mwanamume. Kuna chumba.

Mdogo wako


5 Agosti

Mdogo wangu,

Mama amefariki tarehe 29 mwezi uliopita. Tumeshamzika, pembeni ya Mzee. Nilituma ujumbe ofisini kwenu mjini, wakasema kambini hakuna mawasiliano mpaka lori liende. Kwa hiyo hukungojwa.

Utataka kujua, na mimi nitasema mara moja tu. Tulikuwa na ukaguzi wa ghala. Wakaguzi walifunga milango, hakuna kutoka mpaka magunia yahesabiwe upya. Saa ya chai nikasema nina dharura, bosi akaniuliza dharura gani. Ningemjibu nini? Nikarudi kuhesabu. Saa ya chakula ikapita hivyohivyo. Kivuli cha ukuta hukaa upande ule asubuhi tu. Mlinzi anayemjua Mama alikuwa mapumzikoni, aliyekuwepo ni mgeni. Kile kitufe nilikibonyeza asubuhi kama ulivyonielekeza. Hakukuwa na kelele yoyote siku ile. Ilikuwa siku ya kwanza bosi hakunilalamikia.

Daktari alimtazama Mama, akanitazama mimi kwa muda mrefu, kisha akaandika ni moyo. Sikumwomba aandike hivyo. Watu wote hapa wanajua ni moyo. Nilisema nilikuwa nampeleka kliniki, akazidiwa njiani.

Mama mshonaji ndiye aliyemvalisha. Alifanya kazi yake yote bila kuniangalia. Alipomaliza akaniuliza, "Dada yako anajua?" Nikasema umezuiwa likizo na unalia huko uliko. Watu wamekusikitikia sana. Wanasema kazi za mbali ni utumwa. Habari ya viti na yule mwanamume haijui mtu zaidi ya binamu, na binamu nimezungumza naye.

Mimi nimekufichia. Wewe nifichie.

Kaka yako


1 Septemba

Kaka,

Barua yako imefika. Yangu ya tarehe mbili nadhani nayo imekufika sasa. Ichome.

Watu wa huku wamenipa pole, mkuu wa karakana amenipa likizo bila hata kuombwa. Sitaitumia kuja huko. Wakiniuliza nasema moyo. Mume wangu, maana ndiye aliyekuwa dukani na mimi, naye nimemwambia moyo. Ameniuliza kama ni ugonjwa wa ukoo, nikamwambia ndiyo.

Sitaki gari, sitaki kitu chochote cha nyumba ile. Nataka unijibu jambo moja, kisha tumalizane. Ulisema ulimtandikia nyuma. Ulipofungua mlango, alikuwa kiti gani?

Spana


24 Septemba

Cha dereva.

Yule mlinzi mgeni anasema adhuhuri alisikia honi, ndefu, kisha fupi, kisha fupi tena. Akadhani ni mtu anataka kupishwa. Alitoka kuangalia getini, hakuona gari, akarudi kukaa.

Usiniandikie tena.